Askari Polisi na Jirani Zao: Habari za Kibaha na Kisarawe

Usiku, mtu asikiapo mlango wa jirani yake unavunjwa, hufanyaje? Wengine hujifunika shuka. Wengine hutoka na mapanga. Leo nataka kuwaeleza njia ya tatu.

Nimechagua Kibaha na Kisarawe kwa kuwa zi karibu na Dar es Salaam, na mwivi aibaye mjini alfajiri aweza kuwa Mailimoja, au nyuma ya vilima vya Pugu, kabla jua halijapanda. Askari ni wachache, na njia za katikati ya mikorosho ni nyingi. Askari hajui nani ni mgeni kijijini; jirani ajua. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2006, wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi la Tanzania lilitia bidii katika kazi iitwayo polisi jamii. Wazo lenyewe si geni. Mabalozi wa nyumba kumi walikuwapo tangu miaka ya 1960, na Wasukuma na Wanyamwezi walianza sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia wizi wa ng'ombe, hata sheria ikawatambua mwaka 1989.

Kijiji au mtaa hukutana, huchagua walinzi wa zamu za usiku, na majina yao hupelekwa polisi yatazamwe kwanza. Maana mwivi naye hupenda sana kuwa mlinzi.

Lakini yote haya hutegemea kuaminiana. Katika mkoa huo huo wa Pwani, huko Kibiti, Mkuranga na Rufiji, kati ya 2015 na 2017 watu wenye silaha waliwaua viongozi wa vijiji na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Mtu aliyedhaniwa kupeleka habari aliweza kuwindwa nyumbani kwake. Anyamazaye kwa hofu ya namna hiyo, mimi simlaumu. Bali askari apewaye siri, kisha akaitoa kwenye baraza la kahawa, ameharibu kazi ya mwaka mzima.

Tena kuna hasira. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata mtu atendaye kosa mbele ya macho yake, ila ampeleke polisi pasipo kukawia. Haimruhusu kumpiga, wala kumchoma moto. Tena aliyekufa hawezi kuwataja wenziwe, wala yule tajiri anunuaye mali ya wizi, nao watarudi.

Basi ukienda kituoni, au ukipiga simu 112, usiseme tu kwamba wevi wamekuja. Sema walikuwa wangapi, wamevaa nini, namba ya pikipiki hata kama umeona tarakimu mbili tu, na njia waliyoishika, kama ni ya Mlandizi, ya Kiluvya, au ya Maneromango. Wala usiondoke kituoni bila namba ya RB, kwani ndiyo itakayokuwezesha kurudi na kuuliza shauri lako limefika wapi.