Nzi wa Manyoya Amdanganyaye Samaki wa Mlimani

Mwambie mvuvi wa Lamu kwamba huku bara kuna samaki avuliwaye kwa unyoya wa jogoo, naye atadhani wamfanyia mzaha. Walakini ndivyo ilivyo. Samaki huyo ni trauti, mgeni aliyeingia nchini akiwa yai. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai kutoka Loch Leven, Scotland, kwa ajili ya mto Gura huko Nyandarua. Mwaka wa 1910 wakaja wenzao wenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Tangu hapo wamezaliana katika mito ya baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, na huko Kiganjo serikali ina mabwawa ya kuwazalisha.

Kufunga nzi wa ndoana kumekuwa kazi ya mikono ya Wakenya kwa miaka mingi, na nzi wetu huuzwa Ulaya na Marekani. Linalonisikitisha ni kwamba nimekutana na mafundi hodari kabisa, wafungao nzi kwa dazeni tangu asubuhi hadi jioni, ambao hawajapata kumtupia trauti ndoana hata siku moja. Wao hufuata mfano waliopewa. Nzi hutoka mzuri, lakini fundi hajui kwa nini manyoya yawe haba. Hayo hufundishwa na mto, na mto wenyewe wapita nyuma ya shamba la babake! Kijana wa Nyeri bado aona uvuvi huu ni mchezo wa wazungu.

Anayetaka kuanza na aanze na nzi mweusi asiye na madaha. Bana ndoana ya namba 12 katika jiliwa ndogo (kumbuka kwamba namba ikipanda, ndoana hupungua ukubwa). Zungusha uzi mweusi uliopakwa nta, tangu karibu na tundu la ndoana hadi pale inapoanza kupinda. Hapo funga nyuzinyuzi chache za unyoya ziwe mkia, pamoja na waya mwembamba wa rangi ya fedha na kipande cha sufu nyeusi. Rudisha uzi mbele, zungusha sufu iwe kiwiliwili, kisha waya upite juu yake kwa kuachaachana. Usilifikie tundu. Wanafunzi wengi hujaza nafasi hiyo, nao wakifika mwisho hawana pa kufungia kichwa. Sasa unyoya wa shingo ya jogoo: mizunguko miwili au mitatu, basi. Kaza fundo, tia tone la vanishi.

Utauliza mbona amekonda. Trauti humtazama kutoka chini, nyuma yake kuna mwanga wa mbingu, na aonacho hasa ni umbo. Nzi mnene hupendeza dukani tu. Mdudu wa mtoni havai koti.

Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi, nao ndio umchukuao. Kati ya mshipi na nzi funga uzi mwembamba usioonekana majini. Trauti hukaa ameelekea mkondo utokako, akingoja maji yamletee chakula. Basi mjie kwa nyuma, ukipanda mto, umeinama, kivuli chako kisikutangulie. Mtupe nzi mbele ya jiwe alikojificha, umwache ateremke kwa mwendo ule ule wa maji. Ukimburura kama mbuzi apelekwaye sokoni, samaki atang'amua. Mshipi ukisita ghafula, inua ufito papo hapo, kwani trauti akionja manyoya huyatema upesi.

Leseni ni lazima, na ndani ya mbuga ya taifa kuna ada ya kuingia pia. Saa nzuri ni alfajiri na jioni. Kama mvua imenyesha mlimani na mto umekuwa kama chai ya maziwa, kaa nyumbani ufunge nzi wengine.