HESABU YA MAJI YA ZIWA LETU

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tukaao Mwanza na ufuko wote wa Ziwa Victoria, tangu Musoma mpaka Bukoba, tumezoea kuyatazama maji haya kana kwamba hayana mwisho, na kwa hiyo wengi wetu hatuoni haja ya kuyafanyia hesabu. Lakini mtu apandaye vilima vya Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimejengwa baina ya mawe, anaweza kuliona Ziwa likimeremeta chini yake huku akipishana na akina mama wenye ndoo kichwani. Hapana budi kuuliza: ikiwa maji ni mengi kiasi hiki, mbona hayamfikii kila mwananchi? Jibu limo katika hesabu, nayo hesabu hiyo si mali ya wataalamu peke yao. Ni haki ya kila mfanyakazi kuijua.

Tuanze na mapato. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Sehemu nyingine ni za Uganda na Kenya. Rwanda na Burundi hazigusi ufuko, bali mito yao huleta maji humu. Watu wengi hudhani kwamba Ziwa hujazwa na mito. Sivyo. Katika kila sehemu 5 za maji yanayoingia kwa mwaka, 4 hivi ni mvua inayonyesha juu ya Ziwa lenyewe. Mito yote kwa pamoja huleta sehemu 1 tu iliyobaki. Mkubwa wao ni Kagera, utokao katika milima ya Rwanda na Burundi. Kisha iko Mara, Nzoia na mingineyo. Mto wetu wa Simiyu hufurika wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hubaki mchanga mtupu mahali pengi.

Sasa tutazame matumizi. Mtumiaji mkubwa kuliko wote si mtu wala kiwanda, ni jua. Kila mwaka jua hunyonya kutoka usoni pa Ziwa maji ya kina kinachokaribia mita 1 na nusu, yaani zaidi ya robo 3 ya yote yatokayo. Mengi ya yaliyobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, nao ni Mto Nile pale Jinja, Uganda. Ziwa hili basi hupokea kwa mawingu na hulipa kwa jua, na baki yake ya mwaka ni ndogo. Mvua ikizidi kidogo kwa miaka michache, hufurika, ikipungua, hushuka.

Mambo hayo tumeyaona. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa mwaka 1961, wakati ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, na kufikia mwaka 1964 Ziwa lilikuwa limepanda kwa mita 2 na zaidi. Miaka ya 2005 na 2006 lilishuka mno, na vyombo vya majini vikapata taabu ya kufika gatini. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu ya pili ilikuwa kazi ya mikono ya watu: pale Jinja, penye bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954 na mtambo wa pili ulioongezwa baadaye, maji yaliachiliwa kupita kiasi kilichokubaliwa. Kisha mwaka 2020 Ziwa likapanda kupita hata alama ya mwaka 1964, likaingia mashambani na majumbani mwa watu waliojenga karibu na maji.

Je, sisi wa Mwanza tunachukua kiasi gani? Chanzo cha Capri Point kina uwezo wa kutoa lita milioni 90 kwa siku, na chanzo kipya cha Butimba lita milioni 48. Jumla ni lita milioni 138. Mitambo hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, mwaka mzima, bila kupumzika hata siku moja, maji itakayovuta yakitandazwa juu ya Ziwa lote hayafiki kina cha milimita 1. Kwa siku 1 tu jua huchukua maji mengi kuliko yale ambayo mitambo hiyo ingevuta kwa miaka 5. Yafaa kila mwananchi aishike hesabu hii, maana inaondoa kisingizio. Asije mtu akatuambia kwamba mabomba yamekauka kwa sababu Ziwa limepungukiwa. Kinachopungua ni pampu za kuyapandisha maji milimani, matangi ya kuyahifadhi, na mabomba ya kuyafikisha kwenye makazi mapya yanayozidi kupanuka kila mwaka. Hizo ni kazi za mikono, za fedha na za mipango, nazo zaweza kufanywa.

Kwamba zaweza kufanywa si maneno matupu. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana mkataba uliotaka kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile katika nchi hizi zilizotawaliwa na Mwingereza isifanywe bila idhini ya Misri. Sisi hatukuulizwa. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba mkataba huo hauifungi nchi iliyo huru. Msimamo huo ulipata vitendo pale Ihelele, wilayani Misungwi, ambako maji ya Ziwa huvutwa na kupelekwa Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye mabomba yakaendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora. Leo mwananchi wa Tabora, ambako mito yake haielekei Ziwa hili hata kidogo, anakunywa maji ya Nyanza.

Hata hivyo haki bila wajibu haidumu. Wakulima wa Misri na Sudan ni watu wa jasho kama sisi, nao wanaishi kwa mto huo huo, ingawa yafaa ijulikane kwamba maji mengi yafikayo Aswan hutoka katika milima ya Ethiopia. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 na kutiwa saini na Tanzania, ulianza kuwa na nguvu ya sheria mwezi Oktoba 2024, lakini Misri na Sudan bado zimo nje yake. Njia ya kuwaridhisha ni kuwawekea hesabu zetu mezani, wazi.

Lakini iko hesabu nyingine ambayo hatuwezi kumlaumu mtu wa mbali kwayo. Mto Mirongo hupita katikati ya mji wetu na kumwaga Ziwani taka za masokoni, vyooni na karakanani. Maji ya Ziwa hubadilika polepole mno, kwa kuwa yote hayo yana mlango mmoja wa kutokea; uchafu tunaoutia leo watarithi wajukuu. Magugu-maji, yaliyoanza kuonekana Ziwani miaka ya 1989 na 1990, hustawi kwa rutuba ya uchafu huo huo na ya udongo unaochukuliwa na mito kutoka mashamba yasiyo na matuta. Milimita 1 tunayoivuta si kitu kwa Ziwa. Maji machafu tunayoyarudisha ndiyo yanayoliumiza, na gharama ya kuyasafisha tena hulipwa na sisi wenyewe katika ankara zetu za kila mwezi.

Ndugu wananchi, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni na kingo za mito. Tuitii, na tuwakumbushe viongozi waitimize bila kumchagua tajiri wala maskini. Mfanyakazi wa kiwanda aonaye maji machafu yakiachiliwa mferejini usiku asinyamaze. Mkulima wa Magu na Kwimba achimbe matuta na apande miti kingoni mwa mito. Na katika mikutano yetu ya mtaa na ya kata, tuulize kwa adabu lakini bila woga: mtambo umevuta lita ngapi mwezi huu, ngapi zimefika mabombani kwetu, na ngapi zimepotea njiani? Wenye dhamana watujibu kwa tarakimu. Swali hilo likiulizwa kila mwezi, na jibu likiandikwa, maji yatapanda milimani mapema zaidi.