Bei ya utulivu: soko la farasi wa kupanda Kenya

Soko la farasi wa kupanda nchini Kenya halina bei iliyobandikwa popote. Linaendeshwa kwa maneno ya mdomo kwenye mazizi ya Karen, Lang'ata na Limuru, na huko mbali Naivasha, Gilgil na Nanyuki. Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walikuwa wazazi wanaomtafutia mtoto farasi wa mashindano, au wachezaji wa polo. Sasa wapo pia watu wazima waliojifunza kupanda wakiwa na miaka arobaini au hamsini, na ombi lao ni moja: farasi mtulivu. Ombi hilo laonekana dogo, lakini bidhaa hiyo ndiyo adimu kuliko zote, kwa sababu hakuna shamba linalozalisha utulivu. Utulivu hujengwa polepole, na kila mwaka wa kuujenga una gharama yake ya nyasi, dawa, viatu na mshahara wa mtu.

Chanzo kikuu cha farasi ni uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa 1954 kuendeleza mchezo ambao Nairobi ilikuwa nao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanaokimbia pale ni thorobredi, damu iliyochaguliwa kwa kasi tu. Huanza mbio wakiwa na miaka miwili au mitatu, na wengi hustaafu kabla hata hawajafikisha minane. Farasi asiyeshinda hula sawasawa na anayeshinda, kwa hiyo mwenye farasi hutaka kumwondoa upesi. Hapo ndipo mnunuzi mgeni husikia bei ya kutupa, na wakati mwingine husikia kwamba farasi anatolewa bure kwa mwenye zizi zuri.

Wengi hunasa papo hapo. Thorobredi anayetoka mbioni si mkorofi. Amefundishwa lugha nyingine. Joki hurushwa juu ya mgongo akiwa mwepesi, vikuku vyake vifupi, miguu haigusi mbavu. Mtu mzima wa kilo 85 huweka mguu kwenye kikuku, hujivuta, huketi kwa uzito, kisha miguu miwili inaning'inia ubavuni mwa mnyama ambaye hajawahi kuguswa hapo. Akiogopa, hukaza hatamu. Kwa farasi wa mbio, hatamu iliyokazwa ni ishara ya kuegemea lijamu na kuongeza mwendo. Kumfundisha upya ni kazi ya mwaka mmoja au miwili mikononi mwa mjuzi. Atakayemchukua bure atailipa kazi hiyo, ama kwa mwalimu ama kwa hospitali.

Ndiyo maana ninawaambia wanaonuia kununua watazame kwanza upande wa pili wa soko, kwa farasi mchanganyiko. Waendesha safari za farasi wamekuwa wakichanganya thorobredi na farasi wadogo wa Kisomali na wa Ethiopia, wenye kwato ngumu na tumbo la kuvumilia nyasi za ukame. Farasi aliyebeba wageni porini miaka kadhaa ameshaona twiga, nyumbu na pikipiki, naye hashtuki ovyo. Kasoro yake ni kwamba amezoea kwenda msururu, pua yake nyuma ya mkia wa mwenzake. Mtoe peke yake getini, mpitishe njia asiyoijua, ndipo utajua kama ule utulivu ni wake au ni wa kundi. Farasi wa polo waliozeeka nao wana wateja: hawajali kelele wala fimbo kupita kando ya sikio, ila hugeuka ghafla kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea kuzunguka kiwanjani taratibu.

Uzito usionewe haya. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State nchini Marekani waliwabebesha farasi wanane mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wa miili yao. Kwenye asilimia 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi na misuli ikauma zaidi. Kwa kipimo cha asilimia 20, farasi wa kilo 400 anabeba kilo 80, tandiko likiwemo. Farasi anayeumia mgongo hawezi kuwa mtulivu kwa muda mrefu, na mara nyingi kinachoitwa ukorofi ni maumivu.

Umri nao hupimwa kwa jicho la mfanyabiashara. Bei hushuka farasi anapovuka miaka kumi na mitano, ilhali kwa mpandaji mwoga huo ndio umri wa thamani: farasi hufika miaka 25 na zaidi akitunzwa. Thorobredi ana hati. Mchanganyiko mara nyingi hana, basi husomwa mdomoni. Kwenye jino la pembeni la mbele, taya la juu, mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia huanza kuonekana karibu na fizi akiwa na miaka kumi hivi, hufika katikati ya jino kwenye kumi na mitano, na hulimaliza jino lote kwenye ishirini. Si kipimo cha mwezi na tarehe, lakini kinatosha kumkatalia anayekuuzia mzee kwa jina la kijana.

Daktari wa mifugo alipwe na mnunuzi, asiwe wa muuzaji. Atapapasa kano za miguu ya mbele akitafuta joto na uvimbe, ugonjwa wa kazi wa farasi wa mbio. Atakunja mguu na kuushikilia kama dakika moja, kisha aamuru farasi akimbizwe telki kwenye ardhi ngumu. Kuchechemea kulikojificha hujitokeza hapo. Achukue pia damu na kuihifadhi, kwani dawa za kutuliza na za maumivu humfanya mnyama yeyote aonekane mpole kwa alasiri moja. Kwa sababu hiyo hiyo fika kabla ya saa mliyopatana. Ukikuta jasho lililokauka kwenye alama ya tandiko, jua ameshachoshwa kwa ajili yako.

Daftari la chanjo lina uzito wa fedha. Tauni ya farasi ya Afrika huenezwa na visubi wanaoruka kuanzia magharibi hadi alfajiri, na pundamilia huibeba bila kuugua, huku farasi wengi wasio na kinga wakifa. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Ugonjwa huo pia ndio unaolifunga soko: nchi zisizo nao huweka masharti makali ya karantini kwa farasi wanaotoka kwetu. Farasi wanabaki wakizunguka kati ya watu wale wale, na jina la muuzaji huwa ndiyo dhamana yake.

Baada ya kununua, hesabu ndiyo inaanza. Farasi wa kilo 450 anataka takriban kilo 9 za chakula kikavu kwa siku. Mwaka wa ukame, marobota ya nyasi za Boma Rhodes yanagombewa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na bei hupaa. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hivi, na meno hupigwa tupa walau mara moja kwa mwaka. Asiyemudu hayo kwa mwaka mzima akodi kwanza nusu ya siku za farasi wa mwingine.

Na yupo mtu ambaye mikataba mingi humsahau, saisi. Yeye ndiye aliyeshinda na farasi huyu mvua na jua, aliyemzoeza bomba la maji na gunia linalopeperuka. Mwulize kwa heshima, muuzaji akiwa mbali kidogo: kaka, huyu ukimtoa peke yake anakubali? Nani alianguka mara ya mwisho, na kwa nini? Mimi naona mkataba uandikwe hivi: majaribio ya wiki mbili, haki ya kumrudisha kwa maandishi, na saisi wa zamani aje siku saba za kwanza kwenye zizi jipya, alipwe na mnunuzi juu ya mshahara wake.