Mahali pa Kuweka Vitu katika Nyumba Ndogo

Watu wengi wakaao katika chumba kimoja au viwili hunung'unika kwamba hawana nafasi. Sisemi kuwa ni waongo. Lakini mtu atazamapo chumba chake mara nyingi huiona sakafu tu, nayo sakafu ndiyo sehemu iliyo haba kuliko zote, kwani ndiyo tuikanyagayo. Ukuta hauna aukanyagaye.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba, upana wake kadiri ya mita 3 au pungufu, kwa sababu dari yake huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Basi mafundi wakafanya vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, ndani ya unene wa ukuta, safu juu ya safu. Humo vikawekwa sahani na vitabu, na sakafu ikabaki kwa mikeka na wageni. Huko bara nako mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu.

Ukuta wetu wa udongo au wa matofali membamba haukubali kidaka, ila wakubali ubao juu ya vigingi viwili. Na ikiwa mwenye nyumba hataki misumari (wako wa namna hiyo, nao hawana huruma), tundika susu ya kamba katika boriti ya paa. Chakula kilicho ndani ya susu panya hukitazama tu.

Sasa tukitazame kitanda. Kitanda cha mita 1.2 kwa 1.8 chachukua zaidi ya mita 2 za mraba, yaani karibu robo ya chumba cha mita 3 kwa 3. Kiinue juu ya matofali hata mvungu wake uwe sentimita 40 kwenda juu, nawe umepata nafasi ya kadiri ya magunia sita. Methali yasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini mama wa nyumba asiinamishwe mara kumi kwa siku! Mvunguni na viwekwe vitu vya mara moja kwa mwezi: sanduku la nguo za sikukuu, vyombo vya karamu, blanketi za wakati wa baridi. Sufuria ya kila siku mahali pake ni baina ya kiuno na macho. Kitu cha mara moja kwa mwaka kipande juu kabisa, karibu na paa.

Nimetaja magunia kwa ajili ya kipimo tu. Mahindi yenyewe yataka maneno zaidi, kwa kuwa hapa kosa dogo laweza kuua. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, sumu ya ukungu uotao katika nafaka yenye unyevu, na 125 kati yao wakafa. Waliouchunguza msiba huo waliona kwamba wagonjwa, kuliko jirani zao wazima, walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zao. Mwaka wa njaa mtu huogopa wezi, akalala na mahindi yake. Lakini chumbani hamna upepo wa ghala, na pumzi za watu huongeza unyevu. Tena sumu hii haiondoki kwa kupikwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuingiza gunia, pima hivi. Twaa chupa kavu ya kioo, tia mahindi hata theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, uifunge na kuitikisa dakika chache. Iache itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini, yamekauka, ijapokuwa siku moja zaidi ya jua haitayadhuru. Kisha gunia liwekwe juu ya uchaga, si juu ya sakafu, wala lisiuguse ukuta. Liache shibiri moja upepo upite.

Limebaki jambo la mafuta ya taa. Nafasi ikiwa ndogo, mafuta hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini karibu na maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Yafungwe katika debe lake lenye alama, yawekwe juu asipofika mtoto, mbali na chakula na moto. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, kwa kuwa akitapika yaweza kuingia katika mapafu. Mpelekeni hospitali upesi, na lile debe mlichukue, daktari apate kuona alichokunywa.