Fahamu: Barua ya kuomba kazi ya uhadhiri

Nafasi za uhadhiri katika vyuo vikuu vya umma Tanzania zikitangazwa kupitia Ajira Portal, vyeti peke yake havitoshi; huhitajika pia barua ya maombi. Barua hiyo huelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Iandikweje?

Anza kwa kutaja nafasi na chuo kama vilivyo kwenye tangazo. Kisha jieleze kwa kazi tatu za mhadhiri: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii.

Epuka maneno ya jumla kama “nina uzoefu mkubwa wa utafiti”. Afadhali useme: “Tasnifu yangu ya umahiri ilichunguza chumvi katika visima vya Bagamoyo, hivyo naweza kufundisha hidrolojia kwa mwaka wa kwanza.” Hapo msomaji anaona ulichofanya na utakachokifanyia chuo.

Usirudie wasifu wako wote. Kwa mhadhiri msaidizi, ukurasa mmoja unatosha.

Mwisho, hakikisha hujaacha kwenye barua jina la chuo ulichoomba awali, na uitie sahihi kabla ya kuipakia.