Intaneti ya Nyumbani Inapokatikakatika: Hatua za Kujua Tatizo Liko Wapi

Katika mitaa inayozunguka Kenyatta Market, kuanzia Golf Course na Ngumo hadi Woodley na Highrise, intaneti ya nyumbani imekuwa chombo cha kazi. Msusi wa nywele anayefunga duka jioni hupanga miadi ya kesho akiwa sebuleni. Mfanyabiashara hutoa ankara za kodi kwa mfumo wa eTIMS wa KRA. Mwanafunzi hufuata somo mtandaoni, na mwenye duka hulipia kibali cha biashara cha kaunti bila kupiga foleni. Intaneti ikikatika kila baada ya dakika chache, hasara huwa mara mbili: kazi hukwama, na mkazi hulazimika kununua bando la simu ilhali tayari amelipia intaneti ya mwezi mzima.

Wakazi wengi wakichoshwa na hali hii huchukua moja ya hatua mbili: kununua kifurushi kikubwa zaidi au kuhamia kampuni nyingine. Mara nyingi pesa hizo hazisaidii. Kasi kubwa haitengenezi waya uliokunjika nyuma ya kabati, wala kampuni mpya haiondoi ukuta mnene wa mawe kati ya ruta na chumba cha kulala. Kabla ya kutoa shilingi moja zaidi, ni muhimu kujua ni sehemu gani ya njia ya intaneti inayokatika.

Njia hiyo ina sehemu nne: kutoka kwenye simu au kompyuta hadi kwenye ruta; ruta yenyewe pamoja na stima inayoiwasha; waya unaotoka kwenye ruta hadi kwenye nguzo au kisanduku cha jengo; na mtandao wa kampuni kuanzia hapo hadi ng'ambo. Kila sehemu ina dalili zake.

Hatua ya kwanza: Kuweka rekodi

Kwa muda wa siku tatu au nne, mkazi aandike kwenye daftari au simu kila mara intaneti inapokatika: saa ngapi, kwa muda gani, katika chumba kipi, na ni taa zipi zilizokuwa zikiwaka kwenye ruta. Pia aandike ikiwa vifaa vyote vilikatika au kimoja tu.

Rekodi hii fupi huonyesha mengi. Ikiwa simu moja tu hupoteza intaneti na nyingine zinaendelea, tatizo liko kwenye simu hiyo. Ikiwa ni chumba kimoja tu, tatizo ni waifai. Ikiwa hukatika stima inapoyumba au pasi ya umeme inapowashwa, chanzo huenda ni stima. Ikiwa hukatika mvua inaponyesha au upepo unapovuma, waya wa nje unatiliwa shaka. Na ikiwa huwa nzito kila jioni bila kukatika kabisa, huenda ni msongamano, wakati majirani wote wanatazama video.

Ni vyema pia kuthibitisha siku na saa ambayo malipo ya kifurushi yanaisha. Baadhi ya wateja hukatiwa kwa sababu muda umekwisha, kisha hutafuta hitilafu isiyokuwepo.

Hatua ya pili: Kusoma taa

Nyumba zilizounganishwa kwa faiba huwa na kifaa chenye taa kadhaa zenye majina. Taa ya POWER huonyesha kuwa stima inafika. Taa ya PON ikitulia kwa rangi ya kijani, kifaa kinawasiliana na mtambo wa kampuni. Taa ya LOS hukaa imezimwa mambo yakiwa sawa. Ikiwaka au kumetameta nyekundu, mwanga unaosafiri ndani ya waya wa faiba haufiki. Taa ya WLAN au WiFi huhusu mawasiliano kati ya ruta na vifaa vya nyumbani.

Kwa hivyo, LOS ikiwa nyekundu, hakuna haja ya kubadilisha neno la siri wala kuzima na kuwasha simu. Tatizo liko kwenye waya au kwa kampuni. Taa zote zikizimika kwa pamoja kisha kuwaka upya, ruta inapoteza stima. Taa zote zikiwa sawa lakini simu haifungui chochote, uchunguzi uendelee kwenye waifai.

Hatua ya tatu: Kuchunguza stima

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240, lakini ruta nyingi hutumia volti 12 tu, zinazotolewa na adapta ndogo. Adapta iliyochoka bado inaweza kuwasha taa za ruta, ila hushindwa kazi inapozidi, na ruta hujizima na kujiwasha. Soketi iliyolegea au kebo ya nyongeza iliyobeba runinga, jokofu na redio huleta hali hiyo hiyo.

Jaribio ni rahisi: ruta ichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani kwa siku moja. Ikitulia, tatizo limepatikana. Iwapo adapta inahitaji kubadilishwa, mpya ilingane na ile ya kwanza kwa volti, na ampea zake zisiwe chache kuliko zilizoandikwa kwenye lebo ya zamani. Adapta ya volti tofauti inaweza kuunguza ruta.

Joto pia huchangia. Ruta iliyofunikwa kwa kitambaa, iliyowekwa juu ya king'amuzi chenye moto au iliyofungiwa kwenye kabati isiyopitisha hewa inaweza kukwama mchana na kurejea usiku.

Hatua ya nne: Kutenganisha waifai na intaneti

Watu wengi huchukulia waifai na intaneti kuwa kitu kimoja. Waifai ni mawimbi ya redio kati ya ruta na simu. Intaneti ni huduma inayoingia kwenye ruta kutoka nje. Waifai inaweza kuwa na nguvu kamili ilhali hakuna intaneti, na intaneti inaweza kuwa nzuri ilhali waifai haifiki chumbani.

Njia ya uhakika ya kuzitenganisha ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Ikiwa intaneti haikatiki kwa waya lakini hukatika kwa waifai, kampuni haina kosa. Asiye na kompyuta asimame mita moja au mbili kutoka kwenye ruta na kutumia simu wakati wa tatizo. Ikitulia hapo na kukatika chumbani, jibu ni lile lile.

Mwenye kompyuta anaweza kupata ushahidi zaidi kwa amri ya ping. Kwanza aielekeze kwenye anwani ya ruta iliyoandikwa kwenye lebo chini yake, kwa mfano 192.168.1.1. Kisha aielekeze kwenye 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Majibu ya kwanza yakikatika, tatizo liko ndani ya nyumba. Ya kwanza yakiendelea vizuri na ya pili kukatika, tatizo liko kwenye waya au kwa kampuni.

Kwa tatizo la waifai, mahali pa ruta ni muhimu kuliko ukubwa wa kifurushi. Nyumba nyingi za Nairobi zina kuta za mawe na sakafu za zege, ambazo hudhoofisha mawimbi. Milango ya chuma, vioo vikubwa vya kujitazamia na matangi ya maji huyazuia pia. Ruta iwekwe mahali pa wazi, juu kidogo, karibu na katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu.

Ruta nyingi hutoa waifai ya aina mbili. Ile ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini husongamana, hasa katika majengo ya ghorofa ambako kila nyumba ina ruta yake. Ile ya gigahezi 5 ina kasi zaidi ila haifiki mbali. Sebuleni karibu na ruta, gigahezi 5 inafaa. Chumba cha mwisho, gigahezi 2.4. Katika gigahezi 2.4, ni chaneli 1, 6 na 11 pekee zinazoweza kutumika kwa pamoja bila kuingiliana. Ikiwa majirani wengi wako kwenye chaneli 6, kuhamia 1 au 11 kupitia mipangilio ya ruta kunaweza kuleta nafuu bila gharama yoyote.

Neno la siri la waifai libadilishwe ikiwa limesambaa katika ploti nzima. Vifaa vingi visivyojulikana hula kasi na kuilemea ruta ndogo.

Hatua ya tano: Waya wa faiba

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Ukikunjwa kwa kona kali, ukibanwa na mlango au kukanyagwa na mguu wa kochi, mwanga huvuja na intaneti huanza kukatika kabla ya kupotea kabisa. Mzunguko wa waya wa ndani usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kichwa cha waya kikae imara kwenye kifaa.

Mkazi asichomoe kichwa hicho ovyo, kwa kuwa vumbi kidogo kwenye ncha yake hutosha kuzuia mwanga, na kamwe asichungulie ndani ya ncha ya waya. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Fundi wa kampuni anapofika, mteja ana haki ya kumwomba amwonyeshe kipimo cha mwanga unaoingia. Hupimwa kwa dBm, na kwa kawaida huwa kati ya -8 na -27. Kipimo kilicho karibu na -27, au kilicho chini zaidi kama -29, kinaeleza kwa nini huduma haitulii, na kurekebisha waya ndiyo dawa. Kipimo hicho kiandikwe pamoja na tarehe.

Nje ya nyumba, mkazi asiguse chochote. Nyaya nyingi za intaneti hupita kwenye nguzo za stima, na waya uliolegea unaweza kuwa umegusana na ule wa umeme. Kuupandia au kuuvuta ni kuhatarisha maisha. Hatua sahihi ni kuupiga picha ukiwa mbali na kuripoti kwa kampuni husika au kwa Kenya Power.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu hawana waya wa kuchunguza. Wao waisogeze ruta karibu na dirisha, wajaribu madirisha ya pande tofauti, na walinganishe mchana na jioni, kwa maana mlingoti mmoja huhudumia watu wengi.

Tatizo linapokuwa mbali

Wakati mwingine nyumba, jengo na mtaa havina kosa lolote. Data nyingi za Kenya zinazokwenda nje ya nchi hupitia kebo za chini ya bahari zinazofika Mombasa, kama vile TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi mwaka wa 2009. Februari 2012, nanga ya meli iliikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo.

Dalili ya hitilafu kama hiyo ni kwamba taa za ruta ziko sawa na majirani wa kampuni tofauti wanalalamika kwa wakati mmoja. Hapo hakuna kifaa cha kubadilisha nyumbani. Kinachohitajika ni taarifa ya kampuni na subira.

Kulalamika kwa ushahidi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora wa kuridhisha na habari anazohitaji ili kunufaika nazo. Haki hiyo hudaiwa kwa urahisi zaidi na mteja mwenye rekodi.

Malalamiko yaanzie kwa kampuni inayotoa huduma. Mteja ataje siku na saa za kukatika, taa zilizowaka, na majaribio aliyofanya, kisha aombe nambari ya malalamiko na kuihifadhi. Mteja anayesema, "LOS imekuwa nyekundu mara sita tangu Jumatatu, hasa mvua inaponyesha," hupunguza nafasi ya kuambiwa tu azime na kuwasha ruta. Aombe pia kuelezwa iwapo anastahili fidia au siku za ziada kwa muda aliokosa huduma.

Kampuni isipomridhisha, mteja anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yenye makao makuu barabara ya Waiyaki, akiambatisha rekodi yake, nambari ya malalamiko na risiti za malipo.

Fundi anayekuja nyumbani aonyeshe kitambulisho cha kazi, na malipo yoyote yafanywe kwa nambari rasmi ya kampuni badala ya simu ya mtu binafsi. Wapangaji ni vyema wamhusishe msimamizi wa jengo, maana kisanduku cha faiba mara nyingi hufungwa kwenye ngazi au mlangoni pa kuingilia, na hitilafu moja hapo inaweza kuathiri nyumba nyingi. Majirani wenye tatizo moja wakipeleka rekodi zao pamoja, kampuni huona haraka kuwa kasoro iko kwenye jengo na kumtuma fundi mahali panapofaa.