Ramani ya mtaa ichorwe na wenye mtaa

WAHENGA walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo unafaa tunapozungumzia ramani za miji yetu, kwani mara nyingi huchorwa na watu wasioishi katika mitaa wanayoichora.

Hapa Bujumbura, Ngagara, ambayo wengi bado wanaiita OCAF, ilipangwa na wasanifu wa Kibelgiji miaka ya 1950 kabla ya watu kuhamia. Buyenzi nayo ina avenyu zilizonyooka, zinazotajwa kwa namba. Mimi nililizoea jambo hilo tangu uhamishoni, kwani nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako mtu akiulizwa anakaa wapi hutaja namba ya barabara. Lakini pembezoni mwa jiji letu nyumba zilitangulia, ramani ikafuata nyuma.

Umuhimu wa kujua maji yanapita wapi tuliuona usiku wa kuamkia Februari 10, 2014. Mvua kubwa iliteremsha maji na matope kutoka milimani hadi Kamenge, Kinama na mitaa jirani, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha.

Majirani zetu wametuonyesha njia. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakauingiza mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Kabla ya hapo Kibera ilionekana humo kama sehemu tupu. Baadaye waliongeza taarifa za afya, elimu, maji na usalama.

Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, na wakazi wa kata zinazofurika. Mwanafunzi alijua kifaa, mkazi alijua mtaro ulioziba. Kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake.

Nami nimejaribu kazi hiyo bila kompyuta. Wanafunzi wangu, katika shule moja ya kaskazini mwa jiji, walipima njia kwa hatua na kuchora kwenye makaratasi makubwa. Bluu ilikuwa mitaro, kijani miti na viwanja, nyekundu nyumba ambazo maji huingia. Walipobishana kwa nini maji hukata kona mahali fulani, bibi wa mmoja wao aliwaeleza kuwa hapo palikuwa na korongo. Lilijazwa taka na udongo, kisha watu wakajenga. Picha ya setilaiti isingewaambia hayo.

Hata hivyo, bibi huyo aliwaomba wasiipake nyumba yake rangi nyekundu. Hofu yake inaeleweka. Mtu aliyekwisha kukimbia mara mbili maishani, akisikia "eneo la hatari" husikia "ondoka". Ramani inaweza kumletea mtaro, lakini inaweza pia kumletea tingatinga.

Tulikubaliana nyumba yake ibaki nyeupe mpaka yeye mwenyewe aamue. Nyekundu tuliiweka kwenye mtaro ulio juu yake, ambao ndio unaohitaji kuzibuliwa.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kwa wasanifu, wahandisi na viongozi wa mitaa. Ramani ya jamii isiwe orodha ya watu wa kuhamishwa. Ianze na chanzo cha maji, nakala yake ibaki mikononi mwa wakazi, na anayepakwa nyekundu aambiwe kwanza, tena aelezwe atasaidiwaje.

Makaratasi, rangi na miguu tunavyo. Wazee wanaokumbuka makorongo ya zamani bado tunao, ingawa hawatakuwapo daima. Kiangazi ndicho kipindi cha kuchora na kuzibua. Mvua zikirudi Septemba, kazi iliyobaki itakuwa ni kuokoana tu.